Kesi ya Mashine Iliyotafuna Majoho

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya ishirini na tatu ya ndoa. Nimeamka nikamkuta mke wangu anapanga vibanio vya nguo kwa rangi. Vibanio tu! Lakini vidole vinavyovipanga! Nimemtazama mpaka chai ikapoa, yangu na yake.

Furaha imedumu hadi saa nne. Saa nne mashine imetafuna majoho ya kwaya.

Niandike kwa utaratibu, huenda daftari hili likahitajika mahakamani. Mke wangu ni dobi. Shangazi yangu, Mungu ampe maisha marefu, alitupatia mashine ya kufulia nguo iwe zawadi ya harusi. Nyeupe, ina mlango wa kioo, inaimba ikimaliza kazi. Mpaka jana tulikuwa tukifulia soksi na taulo tu. Leo ndiyo imepewa kazi ya kikubwa: majoho kumi na moja. Yametoka yote kumi na moja, lakini mikono imetoka tisa tu.

Mke wangu hakulia. Amekaa juu ya beseni lililopinduliwa akauliza Mama Mashuka atasemaje. Mama Mashuka ana nyumba ya wageni mtaa wa pili. Ameahidi kumpa mke wangu kazi ya kufua mashuka ya vyumba vyote, mwaka mzima, kuanzia tarehe 17, mradi Jumamosi ya tarehe 15 aje aione mashine ikifua bila kasoro. Asiporidhika, kazi inakwenda kwa dobi mwingine, na mke wangu anarudi kule alikoajiriwa zamani, kwenye chumba kisicho na hata dirisha. Sikubali! Sikumuoa ili akae gizani.

Kaka yake, fundi wa mafriji, tunayemwita Bisibisi kwa sababu hatoki nyumbani bila bisibisi mfukoni, amechungulia ndani. Akasema kuna ukingo wa bati umechomoza ndani ya pipa linalozungusha nguo, kasoro ya kiwandani, na anaweza kufungua aurekebishe leo leo. Nimemkataza. Mashine ikifunguliwa, dhamana imekufa. Pia sikupenda alivyosema "leo leo" mbele ya mke wangu.

Mimi nina mpango. Naishtaki kampuni! Watu wanasahau kwamba nafanya kazi duka la fotokopi lililo mkabala na mahakama. Miaka sita. Hati za madai zimepita mikononi mwangu kwa maelfu. Sheria imeniingia kupitia vidole.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeanzia dukani, kistaarabu. Meneja wao hutabasamu kwa zamu: anatabasamu, anazima, anawasha tena. Ameomba risiti. Nimempa, nakala tatu. Akasoma jina la shangazi, akauliza mimi ni nani. Nikasema mume wa mwenye mashine. Akasema mwenye mashine, kwa mujibu wa karatasi, ni huyu mama. Nikasema ilikuwa zawadi ya harusi. Akasema hongera sana.

Hongera! Nikajikuta namshukuru, nikatoa simu nikamwonyesha picha za harusi. Tumetazama zote. Amesifu keki. Nimefika nje ndipo nikakumbuka kwamba sijadai kitu.

Nimevuka barabara hadi mahakamani. Karani ni mzee mwenye miwani iliyopanda kwenye paji la uso na kubaki huko. Akauliza nani alinunua. Shangazi. Nani alikuwa anafua? Mke wangu. Nguo za nani? Za kwaya. Akaweka kalamu chini. "Sasa wewe, bwana, unaingia wapi?"

Nikasema naingia kwa upande wa mapenzi.

Akaita anayefuata.

Nimechanganyikiwa. Kati ya wote hawa mimi ndiye mwenye uchungu zaidi, na ndiye pekee asiye na haki ya kushtaki. Nimemweleza mke wangu. Amenishika shavu. Nimesahau nilichokuwa naeleza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango mpya, rahisi kabisa: shangazi ashtaki. Jina lake lipo kwenye risiti, hakuna wa kumuuliza anaingia wapi.

Amekuja amevaa kama anakwenda kupokea cheti. Nimemfundisha kwenye benchi la nje. Ukiulizwa, sema umedhulumiwa. Akarudia mara tano, vizuri kabisa, mara ya tano kwa machozi. Nikaona kesi imeisha.

Tukaingia. Karani akamuuliza mama amepata hasara gani. Shangazi akafikiri. Akasema, "Hasara? Mimi? Hapana, mwanangu. Wale vijana wa dukani walinipokea vizuri mno. Mpaka kiti walinipa."

Nikamkanyaga kidogo, kwa heshima. Akageuka, ukumbi mzima ukasikia: "Mbona unanikanyaga, baba? Mtu akisema ukweli anakanyagwa?"

Nje ndiko kumekuwa na balaa. Shangazi sasa anaamini siipendi zawadi yake. Nimemwapia kwamba naipenda. Akauliza mtu anashtakije kitu anachokipenda. Nimemsindikiza hadi kwake na kumbebea mkoba, na njia nzima nimeisifia mashine ambayo asubuhi nilikuwa naishtaki.

Nimerudi nimemkuta Bisibisi kwetu. Akauliza kesi imefika wapi. Nikasema iko hatua nyeti. Akapiga bisibisi yake kwenye kiganja, tap, tap, tap. Mtu huyu ana njia za kutukana zisizo na ushahidi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku njema kuliko zote, ukitoa ile ya harusi!

Kuna wakili mmoja, mama mwembamba mwenye haraka, huja dukani kupiga kopi majalada yake. Leo nimeipunguza kasi mashine ya kopi makusudi ili nipate ushauri wa bure. Nikamweleza yote. Akasikiliza huku anatazama saa. Kisha akasema, "Shangazi yako ana risiti, hana hasara. Mkeo ana hasara, hana risiti. Wewe una fotokopi."

Nikaumia. Lakini akaendelea. Akasema mke wangu asihuzunike kwa kukosa risiti. Kitu kibovu kikimharibia mtu kazi yake, anaweza kudai hasara yake mwenyewe hata kama si yeye aliyekinunua. Tena huenda hiyo ndiyo bahati yake. Kampuni hizi huweka kwenye karatasi zao kipengele cha kumzuia mteja kwenda mahakamani, mgogoro wowote uende kwa msuluhishi wao. Kipengele kile humbana aliyesaini. Akaniuliza kama mke wangu alisaini kitu chochote.

Nikajibu kwa kifua mbele kwamba hakusaini kitu! Aliletewa mashine tu, kama malkia!

Akasema basi ana haki safi, nimwahishe mahakamani. Akachukua kopi zake, akaniambia mashine yangu imechoka.

Nimekimbia hadi nyumbani. Nimemwambia mke wangu: katika ukoo mzima, wewe peke yako ndiye mwenye haki safi! Akauliza haki safi ndiyo ikoje. Nikasema kama shuka lililofuliwa na wewe. Akacheka! Kicheko kile wakikisikia mahakamani watatupa hukumu siku hiyohiyo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeandika hati ya madai. Kurasa kumi na nne. Ukurasa wa kwanza hadi wa tatu ni jinsi tulivyokutana, ili hakimu aelewe ukubwa wa hasara.

Viambatisho ni hivi. A, picha ya majoho yasiyo na mikono. B, risiti ya shangazi. C, picha yetu ya harusi, ionyeshe hali ya mdai kabla ya tukio. D, fomu ya dhamana iliyokuja na mashine, imejazwa bila kufutwa hata herufi, ili hakimu aone kwamba sisi ni watu wa utaratibu.

Kiambatisho D nimekitazama muda mrefu. Tuliijaza siku ya nne ya ndoa. Tuna desturi yetu mimi na mke wangu: karatasi yoyote inayoingia nyumbani tunasaini wote wawili, yake kushoto, yangu kulia, na katikati nachora kopa. Bili ya maji tumesaini. Ratiba ya kuzoa taka tumesaini. Hata karatasi ya maelekezo ya feni! Siku ile ya fomu mikono yake ilikuwa na povu, nikamshikia karatasi, akasaini pale nilipoweka kidole. Alama ya povu bado ipo.

Nimeipiga kopi ya rangi, ili kopa lionekane jekundu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Tumefika mahakamani saa mbili, mke wangu amevaa gauni la kijani. Karani amepokea hati. Akasoma kurasa tatu za kwanza, akaziruka hizo nyingine. Akafungua viambatisho. A, akatikisa kichwa. B, akaguna. C, akasema keki nzuri. Alipofika D akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso hadi machoni. Sijawahi kuiona ikishuka.

Akauliza kama sahihi hii ni ya mdai. Nikasema kwa fahari ndiyo, na hii ni yangu, na kopa nimelichora mimi.

Akaigeuza karatasi.

Ina nyuma! Miaka sita napiga kopi mbele na nyuma, na hii nilipiga pande zote mbili bila kuangalia. Upande wa nyuma umejaa maandishi madogo kama mayai ya chawa. Karani akasoma kipengele cha kumi na saba kwa sauti: kila aliyesaini anakubali kwamba mgogoro wowote kuhusu mashine utaamuliwa na msuluhishi atakayeteuliwa na kampuni, katika ofisi za kampuni, na anaacha haki ya kwenda mahakamani au kuungana na wateja wengine kudai pamoja.

Akafunga jalada taratibu, akalisukuma kwetu. Akasema hati ni nzuri, inasikitisha, lakini tuipeleke kule kwao, ghorofa ya tano.

Njiani mke wangu ameuliza maswali machache. Kwa hiyo Ijumaa aliambiwa ana haki safi? Ndiyo. Na alisaini lini? Siku ya nne ya ndoa. Kwa hiyo hiyo Ijumaa hakuwa nayo? Hakuwa nayo, lakini hatukujua kama hana, kwa hiyo kwa muda fulani ni kama alikuwa nayo. Na nani alimwambia asaini?

Hapo nikasifia gauni.

Tulipofika nyumbani amenibana sikio kwa kibanio cha nguo. Nadhani ni kwa mapenzi. Alichagua chekundu.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekikuza kipengele cha kumi na saba kwa mashine ya kopi mpaka kimejaa karatasi kubwa kabisa tuliyo nayo dukani. Herufi zimekuwa kubwa kama viatu. Bado sikielewi. Msuluhishi anachaguliwa na wao, analipwa na wao, anakaa kwao. Sasa anasuluhisha nani na nani?

Wakili alipoliona kopa alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu akakasirika, si kwangu, kwa kipengele. Akasema mtu hakuelezwa, hakupewa nafasi ya kubadili hata nukta, na mwamuzi ni wa upande mmoja. Kitu kama hiki kinaweza kupingwa, hakimu akiona hakina haki atakitupa. Nikaruka. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema mwaka, au mwaka na nusu. Mama Mashuka anakuja Jumamosi.

Kwa hiyo, kama nimeelewa: tunaweza kwenda mahakamani kudai kwamba tunaweza kwenda mahakamani. Nimekunywa maji.

Bisibisi naye alitaka kuelezwa. Akauliza refa analipwa na timu ipi. Nikamwambia. Akasema, "Shemeji, basi hiyo si mechi. Hayo ni mazoezi yao." Niliumia kwa sababu ni maneno mazuri na ningependa yawe yangu.

Mke wangu alikuwa anakung'uta taulo. Akasema amepiga simu, tunakwenda Alhamisi, mashine wanaitaka huko waikague. Ataongea yeye. Mimi nisiseme kitu. Nimeahidi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kuahidi kutosema kitu ndani ya chumba si kuahidi kutosema kitu kwenye ngazi. Lifti ilikuwa mbovu. Nikamwona mzee mwenye suti na mkoba mzito anapanda polepole. Nikajua huyu ndiye! Nimembebea mkoba, nimesifu suti, nimemhadithia mapenzi yetu tangu mwanzo hadi ghorofa ya nne. Hapo akanishukuru, akachukua mkoba wake akakata kona. Amekuja kuuza bima.

Msuluhishi wa kweli alikuwa ameshakaa. Mwanamume mnene, mpole, anayefungua kalamu na kuifunga. Meza ndefu. Chupa za maji upande wa meneja tu. Mashine yetu iko pembeni, imeunganishwa kwenye bomba la jikoni kwao. Sura yake ya upweke!

Fundi wao akaiwasha. Ikazunguka, ikaimba, ikazima. Meneja akatabasamu, akasema kama mnavyoona ni nzima, ila mtumiaji aliijaza kupita kiasi, na majoho yenyewe yalikuwa yamechoka. Nikasimama. Pingamizi! Msuluhishi akasema hapa hakuna pingamizi, hapa si mahakamani. Nikasema hilo ndilo ninalolipinga! Mke wangu akanivuta shati. Nikakaa. Kifungo kimoja kimetoka.

Halafu akaongea yeye. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mzee, mimi vipengele sivijui. Mimi ni dobi. Huyu fundi ameitia mashine hewa, na hewa imetoka nzima. Naomba itiwe nguo."

Meneja akasema hakuna shida, nguo gani.

Akasema, "Koti lako, kaka."

Tabasamu la meneja likazimika na halikuwaka tena. Mkono ukaenda kwenye vifungo. Akasema koti hili ni la sufu. Mke wangu akasema basi tai. Mkono ukapanda kwenye tai. Msuluhishi akasema basi tutumie kitambaa cha meza, si kipo? Meneja akasema, haraka haraka, kile ni mali ya kampuni.

Msuluhishi akafungua kalamu. Safari hii hakuifunga. Akaandika muda mrefu sana.

Kwenye ngazi, ghorofa ya tatu, nimemwomba mke wangu anioe tena. Amesema tushuke kwanza.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Uamuzi! Mashine mpya, inaletwa leo hii. Na majoho mapya ya kwaya. Nimemkumbatia mke wangu, na msuluhishi, na fundi wao.

Lakini nimechanganyikiwa kidogo. Karatasi inasema kampuni haikiri kosa lolote, inatoa mashine kwa nia njema tu. Kwa hiyo tumeshinda, lakini hakuna aliyeshindwa.

Nje ya mlango wa ofisi yao kulikuwa na watu wamekaa kwenye viti. Mama mmoja ana sweta la shule lenye mkono mmoja. Mzee mmoja ana pazia lililochanwachanwa. Mashine za aina ileile! Kila mtu na siku yake, kila mtu peke yake, kipengele ndivyo kinavyotaka. Mke wangu alipunguza mwendo akitaka kuwaambia kitu. Meneja akakohoa, akagusa ile karatasi. Mke wangu akafunga mdomo. Alipita akiwa ameinamisha kichwa, na sijawahi kumwona hivyo.

Kabla ya hapo, kusaini. Nilishatoa kalamu. Mke wangu akainyakua, akasema, "Mume wangu, hii nasaini peke yangu." Kisha akaisoma yote kwa sauti, mbele na nyuma, mara mbili, huku ananitazama. Sauti ile! Kipengele cha sita kilikuwa kinasema kitu kuhusu uamuzi kuwa siri ya aliyesaini, na mashine kurudishwa siri ikivuja. Sikushika vizuri, alikuwa na unywele umelalia kwenye shavu.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Mama Mashuka amekuja saa tatu kamili na mashuka mawili meupe. Bisibisi alishaunganisha mabomba (nimeshika tochi, kwa hiyo tumeunganisha). Mashuka mawili yameingia, mawili yametoka. Ameyanyoosha kwenye mwanga kutafuta tundu. Hakuna! Amenusa. Amesema Jumatatu alfajiri gari litaleta mzigo.

Mke wangu alimsindikiza hadi nje kwa utulivu. Aliporudi akaruka juu ya kitanda kwa viatu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Kamba za nguo zimejaa mashuka tangu asubuhi. Ua wote mweupe. Mke wangu anaimba, mashine inaitikia. Nimekwenda kazini huku naelea.

Lakini sweta lile la mkono mmoja lilikuwa linanisumbua. Na kichwa kile kilichoinama pia. Ndipo likanijia wazo, na ni wazo la kisheria. Siri inambana aliyesaini. Mimi sikusaini! Karani mwenyewe aliniambia mimi siingii popote. Kwa mara ya kwanza nimeona faida ya kutoingia popote.

Nimepiga kopi sitini za uamuzi, mbele na nyuma. Nimepanda ghorofa ya tano, nikamgawia kila aliyekuwa anasubiri, pamoja na maelezo ya koti. Yule mama wa sweta alinibariki. Kumi nimewapa wanakwaya. Moja nimeibandika kwenye ubao wa matangazo mahakamani, karani ameisoma mpaka miwani ikashuka yenyewe. Nyingine nimebandika dirishani kwetu dukani na maneno makubwa juu: MKE WANGU ALISHINDA. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kinyongo, nakala moja nimemwachia meneja mapokezi, nimeandika ahsante.

Mke wangu sijamwambia. Itakuwa zawadi.

Tena imeshazaa matunda! Saa kumi meneja amenipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nzito, nadhani kwa hisia. Ameuliza kama ni kweli nimezigawa. Nikasema zote sitini! Akasema kesho saa tatu tufike ofisini, mimi na mke wangu, tuje na ile karatasi aliyosaini.

Na mashine pia.

Nimemwomba Bisibisi gari. Mke wangu nitamwambia avae lile gauni la kijani, bila kumwambia sababu. Watataka kutupiga picha wote watatu, mashine katikati.